Uso wa Kuazima

Mwaka 1936 Walker Evans alimpiga picha Allie Mae Burroughs, mke wa mkulima fukara wa Alabama, Marekani. Mwaka 1981 Sherrie Levine aliipiga picha hiyo hiyo kutoka kitabuni, akaitundika New York kuwa kazi yake.

Kwetu, mtia takhmisa huchukua mishororo miwili ya mwenziwe akaongeza mitatu, wala haitwi mwizi. Levine hakuongeza hata mmoja. Wako waliomlaumu kwamba kamwibia Evans. Mimi naona kazi yake yauliza zito zaidi, kwani uso ule haukuwa wa Evans pia. Mwenyewe Burroughs, midomo kaikaza mbele ya ukuta wa mbao, kitabu cha 1941 cha Evans na James Agee kilimwita Annie Mae Gudger.