Wojciech Szczęsny
Wojciech Tomasz Szczęsny (amezaliwa Warsaw, Poland, 18 Aprili 1990) ni mchezaji wa mpira wa miguu wa Poland anayecheza nafasi ya golikipa. Alianza kujulikana akiwa na klabu ya Arsenal ya Uingereza, ambako alijiunga akiwa na umri wa miaka 15. Makala hii inaeleza hasa miaka ya mwanzo ya uchezaji wake, hadi mwaka 2014.

Maisha ya awali

Szczęsny ni mtoto wa Maciej Szczęsny, ambaye naye alikuwa golikipa wa timu ya taifa ya Poland. Baba huyo alitwaa ubingwa wa ligi ya Poland akiwa na klabu nne tofauti: Legia Warszawa, Widzew Łódź, Polonia Warszawa na Wisła Kraków.

Wojciech alianza kucheza katika klabu ya vijana ya Agrykola mjini Warsaw, kisha akahamia Legia Warszawa. Huko alifundishwa na Krzysztof Dowhań, kocha wa makipa ambaye pia aliwanoa Artur Boruc na Łukasz Fabiański. Januari 2006, kabla hajacheza mechi yoyote katika timu ya wakubwa ya Legia, alichukuliwa na Arsenal na kuingizwa katika timu zake za vijana.

Kuvunjika mikono

Novemba 2008 Szczęsny alipata ajali akiwa mazoezini. Alipokuwa akinyanyua vyuma, alipoteza mizani na mikono yake yote miwili ikavunjika kati ya kiwiko na kiganja. Kwa golikipa hakuna jeraha la kutisha kuliko hilo, kwa kuwa mikono ndiyo kazi yake. Alikaa nje ya uwanja kwa miezi kadhaa.

Hata hivyo alipona na kurudi mazoezini. Tarehe 22 Septemba 2009 alicheza mechi yake ya kwanza katika timu ya wakubwa ya Arsenal, ambapo timu hiyo iliifunga West Bromwich Albion mabao 2-0 katika Kombe la Ligi.

Brentford

Novemba 2009 alipelekwa kwa mkopo Brentford, klabu ya London iliyokuwa ikicheza daraja la tatu. Mkopo huo ulikuwa wa mwezi mmoja tu, lakini uliongezwa hadi mwisho wa msimu. Alicheza mechi 28 za ligi. Huko alikutana na mipira mirefu, washambuliaji wenye nguvu na mechi za kila wiki, mambo ambayo golikipa wa akiba hayapati akiwa benchi.

Arsenal

Makipa wawili wakubwa wa Arsenal walipokosekana kwa sababu ya majeraha, kocha Arsène Wenger alimpanga Szczęsny katika mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza. Ilikuwa tarehe 13 Desemba 2010 dhidi ya Manchester United kwenye uwanja wa Old Trafford. Alivaa jezi namba 53 na alikuwa na umri wa miaka 20. Arsenal ilifungwa bao 1-0 na Park Ji-sung. Katika mechi hiyo Wayne Rooney alipaisha mkwaju wa penalti.

Januari 2011 Fabiański aliumia bega, na Szczęsny akawa golikipa wa kwanza. Kisha zikafuata wiki tatu zilizompima kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Tarehe 16 Februari Arsenal iliifunga Barcelona 2-1 katika Ligi ya Mabingwa Ulaya. Tarehe 27 Februari, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Birmingham City, yeye na beki Laurent Koscielny hawakuelewana nani auchukue mpira mrefu. Obafemi Martins akaupata na kufunga katika dakika ya 89. Arsenal ilipoteza 2-1, na hivyo ikaendelea kukosa kombe tangu mwaka 2005. Tarehe 8 Machi, katika mechi ya marudiano na Barcelona, Szczęsny aliumia kidole katika kipindi cha kwanza na nafasi yake ikachukuliwa na Manuel Almunia. Arsenal ilifungwa 3-1 na kutolewa.

Kosa la fainali halikumwondolea nafasi yake. Agosti 2011 aliokoa penalti ya Antonio Di Natale wa Udinese katika mechi iliyoipeleka Arsenal kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa. Msimu huo wa 2011-12 alicheza mechi zote 38 za Ligi Kuu. Msimu wa 2013-14 alimaliza mechi 16 za ligi bila kufungwa, akagawana tuzo ya Glavu za Dhahabu na Petr Čech wa Chelsea.

Timu ya taifa

Aliichezea Poland kwa mara ya kwanza tarehe 18 Novemba 2009 katika mechi ya kirafiki dhidi ya Kanada.

Mwaka 2012 Poland ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Ulaya pamoja na Ukraine. Mechi ya ufunguzi dhidi ya Ugiriki ilichezwa tarehe 8 Juni mjini Warsaw, alikozaliwa. Poland ilitangulia kwa bao la Robert Lewandowski, lakini Dimitris Salpingidis alisawazisha baada ya Szczęsny kutoka golini na kuukosa mpira. Baadaye Szczęsny alimwangusha Salpingidis ndani ya eneo la hatari na kupewa kadi nyekundu. Golikipa wa akiba Przemysław Tytoń aliingia na kuokoa penalti ya Giorgos Karagounis. Mechi iliisha 1-1. Tytoń alibaki golini katika mechi zilizosalia, na Poland ilitolewa katika hatua ya makundi.

Baadaye

Szczęsny aliendelea na klabu za Roma na Juventus nchini Italia. Katika Kombe la Dunia la 2022 aliokoa penalti mbili, moja ikiwa ya Lionel Messi. Agosti 2024 alitangaza kustaafu, lakini takriban mwezi mmoja baadaye alirudi uwanjani na kujiunga na Barcelona.