Vijiji vidogo vyenye mafunzo makubwa kwa ulimwengu

WAHENGA walinena kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Hata hivyo, mwanadamu wa zama hizi amekuwa akikihama kijiji chake kwa mamilioni. Mnamo mwaka wa 1950, watu watatu pekee katika kila kumi duniani waliishi mijini. Kufikia 2007, kwa mujibu wa makadirio ya Umoja wa Mataifa, idadi ya wakazi wa mijini iliizidi ile ya wakazi wa mashambani kwa mara ya kwanza katika historia.

Hapa Kenya hali bado haijafika huko. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya thuluthi mbili ya Wakenya waliishi mashambani. Lakini hakuna asiyejua jinsi magari ya abiria yanavyofurika kila Januari yakiwarejesha vijana mijini, huku nyuma wakisalia wazee na wajukuu.

Katika makala haya tutavizuru baadhi ya vijiji vidogo vinavyotajika duniani. Vingine vimevuma kwa uchache wa watu, vingine kwa majina yake, vingine kwa baridi au mvua. Madhumuni si kustaajabu tu. Kila kijiji kati ya hivyo kina jawabu lake kwa swali moja: ni kitu gani hukidumisha kijiji, na ni kipi hukiua?

KIJIJI NI NINI?

Neno lenyewe lajieleza: ukilitia shina la "mji" katika umbo la udogo, unapata "kijiji", yaani mji mdogo. Katika sheria, hata hivyo, udogo si hoja. Nchini Tanzania, Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inakipa kijiji halmashauri yake pamoja na mkutano mkuu wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Nchini Kenya, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataja kijiji miongoni mwa ngazi za utawala wa kaunti, chenye msimamizi na baraza lake.

Kwingineko, sheria haijali hata kama kijiji kimesaliwa na watu au la. Ushahidi wa hayo umo nchini Marekani.

KIJIJI CHA MTU MMOJA

Kijiji cha Monowi kimo katika jimbo la Nebraska, karibu na mpaka wake wa kaskazini. Katika miaka ya thelathini ya karne iliyopita kilikuwa na wakazi wapatao 150, reli, maduka na shule. Kisha mashine zikachukua kazi za shambani, na vijana wakaifuata ajira mijini. Kati ya 1967 na 1970, posta na duka la mwisho la vyakula vilifungwa. Shule ilifuata mwaka wa 1974.

Sensa ya 2000 iliwakuta watu wawili pekee, mume na mkewe. Mume alifariki mwaka wa 2004, na sensa ya 2010 ikaandika idadi ambayo ni nadra kuonekana katika vitabu vya takwimu: mtu mmoja.

Mjane huyo hakuhama. Kwa kuwa Monowi kilikuwa kingali kijiji kamili kisheria, yeye ndiye aliyekuwa meya, karani na mweka hazina. Kila mwaka aliandaa mpango wa barabara ili serikali ya jimbo igharimie taa nne za kijiji. Alijitoza kodi mwenyewe, na kujiidhinishia leseni ya kuuza vileo katika mkahawa wake, ambao wakulima wa maeneo jirani walifika kula, kunywa na kupiga soga. Vitabu takriban 5,000 alivyoviacha marehemu mumewe akavifanya maktaba ya umma.

Sensa ya 2020 ilizua kichekesho. Takwimu zilidai kwamba Monowi ilikuwa na wakazi wawili, na mama huyo akashangaa huyo wa pili alikuwa nani. Maafisa wa sensa walieleza kwamba takwimu za maeneo madogo hubadilishwa kidogo kwa makusudi ili mtu binafsi asitambulike. Lakini utamfichaje mtu ambaye ndiye kijiji kizima?

WALIOKATAA KUHAMISHWA

Ikiwa Monowi ni mfano wa kijiji kilichoachwa na watu wake, kuna kingine ambacho wenyewe walikataa katakata kukiacha. Hicho ni Edinburgh of the Seven Seas, makao ya pekee katika kisiwa cha Tristan da Cunha, kusini mwa Bahari ya Atlantiki. Jirani yao wa karibu ni kisiwa cha Saint Helena, kilomita 2,400 hivi kutoka hapo. Hakuna uwanja wa ndege. Anayetaka kufika huko huabiri meli mjini Cape Town, Afrika Kusini, na kusafiri baharini takriban juma zima.

Makao hayo yalianza mwaka wa 1816, wakati Uingereza ilipopeleka kikosi cha wanajeshi kisiwani. Kikosi kilipoondolewa, askari mmoja aliyeitwa William Glass aliomba kusalia na familia yake. Jina lake lingali miongoni mwa majina machache ya ukoo yanayotumiwa na wakazi wasiozidi mia tatu wa kisiwa hicho.

Mnamo 1961 volkano ililipuka kando ya kijiji. Wakazi wote walihamishwa hadi Uingereza, wakapewa makazi, kazi na mishahara. Wengi waliamini kwamba wakishaonja umeme, sinema na maduka hawangetamani tena mashamba yao ya viazi. Walikosea. Kura ilipopigwa mwaka wa 1962, watu 148 walitaka kurudi na watano pekee wakataka kubaki. Mwaka uliofuata walirejea kisiwani, wakaendelea na viazi vyao na uvuvi wa kamba, ambao ndio nguzo ya uchumi wao hadi leo.

Hawakurudi kwa sababu hawakujua starehe ya mji, waliijua wakaikataa. Kisiwani kila familia ilikuwa na shamba, kila mtu alimfahamu mwenzake, na mambo yalishughulikiwa kwa ushirikiano.

JINA NI MTAJI

Vijiji vingine vimeepuka kusahaulika kwa sababu ya majina yake. Kaskazini mwa Ufaransa, katika mkoa wa Somme, kuna kijiji kiitwacho Y. Ni herufi moja tu, nacho kina wakazi wasiofika mia moja. Nchini Norway, katika visiwa vya Lofoten, kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Å, neno ambalo maana yake ni kijito. Ijapokuwa herufi hiyo inafanana na A, katika alfabeti ya Norway ndiyo ya mwisho. Aghalabu kibao cha barabarani chenye jina hilo huibwa na watalii wanaotaka kumbukumbu.

Upande wa pili ni kijiji cha Llanfairpwllgwyngyllgogerychwyrndrobwllllantysiliogogogoch, katika kisiwa cha Anglesey huko Wales. Jina hilo lina herufi 58 ukihesabu kwa kawaida, lakini 51 ukihesabu kwa alfabeti ya Kiwelshi, ambamo "ll" na nyinginezo za aina hiyo huwa herufi moja. Linaeleza habari za kanisa la Mtakatifu Maria katika bonde, mti wa njugu uitwao hazel, maji yanayozunguka kwa kasi, na kanisa la Mtakatifu Tysilio penye pango jekundu.

Jina la asili halikuwa refu hivyo. Lilirefushwa katika miaka ya 1860, reli ilipokuwa imekwisha kufika, ili kituo cha kijiji kiwe na jina refu na wasafiri washawishike kuteremka. Mbinu hiyo ilifaulu kupita kiasi, kwani hadi leo wageni hufika kupiga picha mbele ya kibao cha stesheni. Wenyeji wa Wales waliivumbua biashara ya utalii kwa kalamu tu, bila ya simba wala ufuo wa bahari.

BARIDI NA MVUA

Si kila kijiji kinachoweza kuuza jina. Vingine vimelazimika kupambana na maumbile. Kijiji cha Oymyakon kimo Yakutia, mashariki mwa Urusi, na kina wakazi wapatao 500. Mnamo Februari 1933 kipimajoto kilionyesha nyuzi 67.7 chini ya sufuri. Wakati wa majira ya baridi, dereva anayelizima gari lake nje hana hakika ya kuliwasha tena. Mtu anapofariki, sharti moto ukokwe kwanza juu ya ardhi ili udongo ulioganda uyeyuke na kaburi lichimbike.

Kaskazini mashariki mwa India, katika jimbo la Meghalaya, adha ni tofauti. Mawingu kutoka Ghuba ya Bengal huvuka nyanda za Bangladesh na kugonga milima ya Khasi. Kijiji cha Mawsynram, kilicho juu ya milima hiyo, hupata wastani wa milimita 11,870 hivi za mvua kwa mwaka. Nairobi hupata takriban milimita 1,000. Wakulima huko huvaa mgongoni kinga ya mianzi na majani yenye umbo la gamba la kobe, ili mikono yao iwe huru kulima.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba jirani yake, Cherrapunji, eneo lililopata milimita 26,461 za mvua kati ya Agosti 1860 na Julai 1861, hukumbwa na uhaba wa maji wakati wa kiangazi. Mvua hunyesha kwa fujo, ikaporomoka mlimani na kwenda zake. Wingi wa maji, basi, si sawa na kuwa na maji.

MAJI YALIYOWAREJESHA WATU

Somo hilo lilieleweka vyema magharibi mwa nchi hiyo hiyo. Kijiji cha Hiware Bazar, katika jimbo la Maharashtra, hupata takriban milimita 400 tu za mvua kwa mwaka. Ukame wa 1972 ulikiumiza vibaya. Visima vilikauka, ulevi ukazagaa, na wengi wakahamia mijini kutafuta vibarua.

Mnamo 1989 wakazi walimchagua Popatrao Pawar, kijana aliyekuwa amesoma hadi chuo kikuu, kuwa kiongozi wao. Chini yake walichimba mitaro milimani na kujenga vizuizi vya maji kwa kazi ya kujitolea, mfano wa harambee yetu. Walipiga marufuku ukataji miti, ulishaji holela wa mifugo na uchimbaji wa visima virefu vya kunyunyizia mashamba. Kila mwaka wakazi hupima kiasi cha maji kilichopo, kisha wakaamua pamoja ni mazao yapi yatapandwa. Miwa, ambayo hunywa maji mengi, ilikataliwa. Visima vikajaa, na familia zilizohama zikaanza kurudi. Mnamo 2020 serikali ya India ilimtunuku Pawar nishani ya Padma Shri.

Hapa kwetu pia kuna kijiji kilichoanzishwa kwa uamuzi wa aina hiyo. Mwaka wa 1990, karibu na Archers Post, Samburu, kundi la wanawake 15 waliokuwa wameteswa au kufukuzwa makwao, akiwemo Rebecca Lolosoli, waliunda kijiji cha Umoja. Wanaume hawaruhusiwi kuishi humo. Wanawake hao walijikimu kwa kuuza shanga na kuwapokea watalii, wakajenga shule, na kijiji kilichodhaniwa kuwa cha muda kikadumu.

WANASESERE DARASANI

Lakini si vyote vilivyopata bahati hiyo. Katika bonde la Iya, kisiwani Shikoku, Japani, kuna kijiji cha Nagoro. Mwanamke mmoja aliyerejea huko kumtunza babake mzee alitengeneza sanamu ya nguo iliyofanana na baba huyo, akaisimamisha shambani kuwafukuza ndege. Baadaye akaanza kutengeneza wanasesere wa majirani waliofariki au kuhama. Leo wanasesere ni mamia, ilhali binadamu hawafiki thelathini. Shule ilifungwa mwaka wa 2012, wanafunzi wawili wa mwisho walipohitimu. Madarasani sasa wameketi wanasesere, mwalimu mbele yao, somo lisilokwisha.

Tukilinganisha Nagoro na Monowi, twaona dalili ile ile: shule ilifungwa kabla ya kijiji kunyamaza. Tukitazama Tristan, Hiware Bazar na Umoja, twaona kinyume chake: watu walikuwa na riziki, maji au usalama, na walikuwa na sauti katika kuamua mambo yao. Ukubwa haukuwa hoja popote.

Hivyo basi, msomaji anayetaka kujua hali ya kijiji chake asidanganywe na idadi ya nyumba za mawe zinazofunguliwa Desemba na kufungwa Januari. Na aulize ni watoto wangapi walioingia Gredi ya Kwanza mwaka huu, na iwapo mto aliouogelea utotoni ungali una maji. Majibu yake ndiyo yatakayombainishia kama kijiji hicho kingali hai, au kinangoja wanasesere.