Uso Mawinguni, Gunia la Unga: Mobutu na Wafanyakazi wa Migodi ya Shaba

Kwa miaka mingi taarifa ya habari ya televisheni ya Zaire ilianza kwa namna moja. Yalionekana mawingu, na katikati yake ukajitokeza uso wa Rais Mobutu Sese Seko, kana kwamba anashuka kutoka mbinguni. Kusini mwa nchi, katika miaka hiyohiyo, mfanyakazi wa mgodi wa shaba alipima maisha yake kwa gunia la unga wa mahindi alilopewa na kampuni juu ya mshahara. Kwa muda vitu hivyo viwili, uso na gunia, viliishi pamoja. Kisha gunia likapungua mpaka likatoweka, na uso ukabaki. Ili kuelewa jinsi hali ilivyofikia hapo, yatupasa kuanza na gunia, kwa kuwa ndilo lililotangulia.

Kampuni ya Wabelgiji iliyoitwa Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwanzoni iliwachukua watu kwa mikataba mifupi, na wengi walitoroka au walikufa kwa maradhi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili mwendo: mfanyakazi aliruhusiwa kuja na mke wake, akapewa nyumba kambini, posho ya chakula, matibabu, na shule ya watoto. Haikuwa hisani, maana fundi aliyekwisha kujifunza kazi ni hasara kumpoteza. Wala haukuwa uungwana, kwani wafanyakazi walipogoma Desemba 1941 wakidai mshahara bora, makumi yao waliuawa kwa risasi mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Hata hivyo, katika kambi hizo Kiswahili cha mkoa wa Katanga kilistawi, vizazi vilizaliwa, na watu wakaizoea kampuni kama mzazi mkali, achapaye lakini alishaye.

Mobutu, aliyekuwa mkuu wa jeshi, alitwaa madaraka Novemba 1965, baada ya miaka mitano ya vita na migawanyiko iliyofuata uhuru. Watu wengi walimpokea kwa faraja, na miaka yake ya kwanza iliwapa sababu. Tarehe 1 Januari 1967 serikali yake iliitaifisha Union Minière, na kampuni iliyoirithi ikaja kujulikana kama Gécamines. Mwaka huohuo ilitolewa sarafu mpya, zaire, ambayo moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Posho iliendelea kutolewa, na hospitali za kampuni zilikuwa na dawa.

Lakini mwaka huohuo wa 1967 yalitokea mambo mengine mawili, ambayo uzito wake ulikuja kuonekana baadaye. Mobutu aliunda chama chake, MPR, ambacho hatimaye kila raia alihesabiwa kuwa mwanachama wake tangu kuzaliwa. Vyama vya wafanyakazi navyo vililazimishwa kuungana kuwa kimoja, na hicho kimoja kikawa tawi la MPR. Tangu hapo kiongozi wa wafanyakazi aliwajibika kwa Rais kabla ya kuwajibika kwa waliomchagua. Mfanyakazi hakunyang'anywa mkate siku hiyo. Alinyang'anywa mdomo wa kuudai siku utakapokosekana.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya majina. Oktoba 1971 Kongo ikaitwa Zaire, na mto mkubwa ukapewa jina hilohilo ambalo sarafu ilikuwa nalo tayari. Katanga ikaitwa Shaba. Mwanzoni mwa 1972 raia waliamriwa kuacha majina yao ya Kikristo, na Rais mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Suti na tai zilipigwa marufuku, yeye akajulikana kwa kofia ya ngozi ya chui, na shuleni na kazini vikundi viliundwa vya kuimba na kucheza kwa kumsifu. Wako waonao katika haya juhudi ya kweli ya kurudisha heshima ya Mwafrika baada ya ukoloni, na hawakosei kabisa, kwa kuwa wengi waliipokea kwa fahari. Ila fahari ya taifa zima ilielekezwa kwa mtu mmoja, na nchi ikazoea kumpima kiongozi wake kwa ukubwa wa shangwe.

Shangwe ilifika kileleni mwaka 1974. Mwezi Aprili bei ya shaba duniani ilikuwa juu kuliko wakati wowote uliotangulia, na mwezi Oktoba Muhammad Ali na George Foreman walipigania ubingwa wa dunia wa ngumi Kinshasa, kila mmoja akiahidiwa dola milioni 5. Lakini Ali alipoutwaa ubingwa, bei ya shaba ilikuwa imekwisha kuporomoka, na kufikia mwisho wa mwaka haikufika nusu ya ile ya Aprili. Mwaka mmoja kabla, Novemba 1973, Mobutu alikuwa ametangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitwaliwe na Wazaire. Nyingi ziliangukia mikononi mwa wakubwa wa chama, ambao waliuza bidhaa zilizokuwamo na kufunga milango. Rais mwenyewe alijipatia mashamba makubwa, yaliyounganishwa chini ya kampuni yake ya CELZA. Maduka yalipofilisika, chakula kilipanda bei, na posho ya kampuni ikawa na thamani zaidi kuliko mshahara wenyewe.

Hapa wanahistoria hugawanyika. Baadhi husema kilichoiangusha Zaire kilitoka nje: bei ya shaba ilianguka, vita vya Angola viliifunga mwaka 1975 reli ya Benguela, iliyopeleka shaba baharini, na benki za Magharibi zilikopesha ovyo kwa sababu Mobutu alikuwa rafiki yao katika Vita Baridi. Wengine husema chanzo ni Rais na tamaa yake. Nchi jirani ya Zaire inatusaidia kupima hoja hizi. Zambia nayo ilitegemea shaba, bei ileile iliipiga, na reli ileile ilifungwa. Uzalishaji wake ulishuka na watu wake walitaabika, lakini mwishoni mwa karne migodi yake bado ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Migodi ya Zaire, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000 kufikia mwaka 1993. Dhoruba, basi, ilikuwa moja kwa wote wawili. Tofauti yao yatupasa kuitafuta ndani ya jahazi.

Ndani ya jahazi kulikuwa na tundu lililojulikana. Shaba ya Gécamines iliuzwa na shirika la serikali liitwalo SOZACOM, na sehemu ya fedha haikurudi migodini wala hazina. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimpeleka Mjerumani Erwin Blumenthal kusimamia Benki Kuu. Aliondoka baada ya mwaka mmoja hivi, na katika ripoti yake ya 1982 alionya kwamba walioikopesha Zaire wasitarajie kulipwa. Wakati huohuo kijiji cha Gbadolite, kaskazini mwa nchi, kiligeuzwa mji wenye kasri za marumaru na uwanja wa ndege ambapo Concorde iliweza kutua. Mgodi hauli marumaru: unataka vipuri, mafuta, na pampu za kutoa maji. Na waliojua hivyo hawakuwa na mahali pa kusema, kwa kuwa kila njia ya kumfikia Rais ilikuwa imejaa waimbaji.

Waswahili husema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tembo la Mobutu lilikuwa sarafu. Mapato yalipopungua, serikali ilichapa noti, na mwenye kuishi kwa mshahara ndiye aliyekunywa maji hayo. Mwezi ulipofika mwisho, pesa za mfanyakazi hazikutosha tena bunga, yaani unga kama wasemavyo Lubumbashi. Wake walianza kulima pembezoni mwa mji na kuuza barazani, na mume aliyekuwa mlishaji wa nyumba akawa mmoja tu wa watafutaji.

Mwaka 1990 kila kitu kilipasuka kwa pamoja. Mwezi Aprili Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na alipotaja kujitenga kwake na MPR alilia mbele ya kamera. Mwezi Septemba sehemu ya mgodi wa Kamoto, nguzo ya Gécamines, ilibomoka. Mwaka 1991 askari wasiolipwa ipasavyo waliongoza uporaji Kinshasa, na ukaenea nchini. Mwaka 1992 na 1993 wanasiasa wa Shaba waliwachochea wenyeji dhidi ya watu wenye asili ya eneo la Kasai, nao walifukuzwa kwa maelfu, wakiwamo mafundi waliozaliwa kambini humohumo. Oktoba 1993 ilitoka sarafu mpya, na moja yake ilibadilishwa kwa zaire milioni 3 za zamani.

Mobutu alikimbia Mei 1997, na miezi minne baadaye akafia Rabat, Moroko. Jina Zaire liliondoka naye: nchi ikarudia kuitwa Kongo, mkoa ukarudia kuitwa Katanga. Lakini majina yalikuwa mepesi kufuta kuliko malimbikizo ya mishahara. Mwaka 2003 Gécamines, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliwapa wafanyakazi zaidi ya 10,000 malipo ya mkupuo ili waache kazi, na wengi wao walikuwa wanaidai kampuni mishahara ya miaka. Waliorudi machimboni baada ya hapo walirudi kama wachimbaji wadogo, wakichimba kwa mikono na kubeba mawe ya madini katika magunia yaleyale yaliyokuwa ya unga.