Duara za Mfangano, kazi ya mkono mtupu

Anayepaka pete za rangi kwenye ufito wa mshale haipitishi brashi kuuzunguka. Huulaza ufito juu ya vibao viwili vilivyotiwa pengo, akaituliza brashi, kisha akauzungusha ufito wenyewe. Pete hutoka sawasawa. Fundi wa nyumba ya msonge naye hupigilia kigingi, akafunga kamba na kutembea nayo hadi msingi ukamilike.

Mwamba hauzunguki. Ndiyo maana michoro ya kisiwa cha Mfangano, katika Kaunti ya Homa Bay, hainitoki akilini. Pale Kwitone, juu mlimani, na katika pango la Mawanga, kuna duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe. Ukizikaribia unaona mstari ukinenepa hapa na kukonda pale. Ni mkono mtupu uliozichora, na mchoraji ndiye aliyelazimika kujipinda, kunyoosha bega na kubadili mkao hadi mwisho wa mstari ukakutana na mwanzo wake. Nyekundu ilitokana na udongo wenye madini ya chuma, jamaa wa ngeu ya seremala.

Wataalamu wanasema waliozichora ni wawindaji wa jamii ya Batwa. Wasuba, waliovuka ziwa kutoka upande wa Uganda katika karne ya 18, walizikuta tayari. Duara za aina hiyo zipo pia Kakapel, Busia, na Nyero nchini Uganda, kwa hiyo hazikuwa mchezo wa mtu mmoja mwenye muda wa kupoteza. Wasuba hawakuzifuta. Ukoo wa Wasamo uliishika Kwitone na ukoo wa Wagimbe ukaishika Mawanga, wakazifanya mahali pa kuombea mvua. Watoto walikanywa wasiguse. Naamini katazo hilo limeihifadhi rangi ile kuliko sheria yoyote iliyoandikwa Nairobi.

Migori nako kuna mviringo wake. Thimlich Ohinga, boma la mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, lilianza kujengwa yapata karne ya 16. Kuta zake zinapinda, na mahali pengine zinapita mita 4 kwenda juu. Serikali ililitangaza turathi ya taifa mwaka 1981, na UNESCO ikaliingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ulikuwa uamuzi wa haki.

Lakini ukuta ukibomoka, jiwe hurudishwa mahali pake. Rangi ya Mawanga ikikwanguliwa na kijana anayetaka kuandika jina lake, imekwenda. Ibada za mvua zimefifia, na hofu iliyolilinda pango inafifia nazo. Makumbusho ya Amani ya Wasuba yapo kisiwani humo humo. Kaunti ishirikiane nayo, iajiri walinzi kutoka kwa Wasamo na Wagimbe, na kila duara ipigwe picha na kupimwa ingali inaonekana.