Umeme wa Roma na pembe za Ufipa

Jina Sumbawanga wenyeji hulifasiri kuwa ni "tupa uchawi". Mwaka 1963 na 1964 watu wa Kamcape walizunguka vijiji vya Ufipa wakifanya hilo hasa. Waliotajwa kuwa wachawi walitakiwa kusalimisha pembe zao za dawa, kisha wakachanjwa ili watakasike. Aliyegoma alizidi kushukiwa. Kuulizwa kama anataka, la hasha.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya tiba ya umeme kwa wagonjwa wa akili, ambayo sisi watu wa mjini tunaiita "kupigwa shoti" na kuitaja kana kwamba ni adhabu. Ilianzia Roma, Aprili 1938. Daktari Ugo Cerletti alikuwa ameona nguruwe machinjioni wakipitishiwa umeme kichwani, wakapata kifafa lakini wasife. Binadamu wa kwanza kufanyiwa na yeye na mwenzake Lucio Bini alikuwa mtu aliyekutwa akizurura stesheni ya reli, maneno yake hayaeleweki. Polisi ndio waliomfikisha hospitali. Naye hakuulizwa.

Siku zile mgonjwa alipitishiwa umeme bila kulazwa usingizi. Misuli ilikaza hata mifupa ikavunjika. Hofu ya watu, basi, si upuuzi. Katika miaka ya 1950 ikaja dawa ya kulegeza misuli, na pamoja na nusukaputi mgonjwa hasikii kitu. Kumbukumbu zake zaweza kupotea, nyingine zisirudi. Lakini mtu aliyezidiwa na sonona hadi akaacha kula na kunywa, tiba hii yaweza kumwokoa. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba kuifanya bila nusukaputi kukomeshwe, na mgonjwa aridhie kwanza.

Aridhie! Kwa miongo mingi hospitali kuu ya akili nchini imekuwa Mirembe, Dodoma, iliyofunguliwa 1927. Kutoka Sumbawanga ni safari ya kupita Tunduma, Mbeya na Iringa, na kabla ya safari mgonjwa amekwishapitishwa kwa waganga, pengine kafungwa kamba. Mjomba kaamua, mganga kaamua, mwenyekiti wa kijiji kaandika barua. Mbele ya daktari, anayeombwa sahihi ni mjomba. Mgonjwa amekaa benchi lile lile, na akili yake, ambayo huja na kuondoka, huenda asubuhi hiyo ipo.