Wamisionari wa Kwanza wa Pugu

Ukipita Gongo la Mboto ukapanda vilima vya Pugu, umefika mahali ambapo Wabenediktini kutoka Ujerumani walianza utume wao mwaka 1888. Walijenga, wakalima, wakapokea watumwa waliokombolewa. Hawakudumu. Tarehe 13 Januari 1889, wapiganaji wa vita vya Abushiri waliivamia misheni. Watatu waliuawa, mmoja wao mtawa wa kike. Wengine walitekwa, nao wakaja kukombolewa kwa fedha, kama wale watumwa!

Tusiwahukumu wavamizi upesi. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilikuwa imetwaa utawala na forodha za pwani. Mwenyeji angemtofautishaje Mjerumani wa misalaba na Mjerumani wa ushuru? Waliofuata walikaa Dar es Salaam, karibu na bandari na mizinga.