Reli Ilipopita Ng'ambo

Kaunti ya Graham iko kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani. Ni nyasi, ngano na anga. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 2,415. Hiyo ni kaunti nzima, si kijiji.

Lakini ni hapa ambapo watu Weusi waliotoka utumwani walijaribu kujijengea mji. Unaitwa Nicodemus.

Ulianza 1877. Mwaka huo, serikali kuu iliacha kutumia jeshi kulinda haki za Weusi huko Kusini. Wakati huohuo, mchungaji Mweusi W. H. Smith na dalali Mzungu W. R. Hill walikuwa wanatangaza viwanja Kansas. Sheria ya 1862 nayo ilikupa ekari 160 za serikali ukizikalia na kuzilima miaka 5. Kwa mtu ambaye juzi tu yeye mwenyewe alikuwa mali ya mtu, hiyo si offa ya kupuuza.

Mamia wakatoka Kentucky. Treni iliwaacha Ellis, wakamalizia kama kilomita 55 kwa miguu na mikokoteni. Willianna Hickman alipofika 1878, aliuliza mji uko wapi. Akaonyeshwa moshi ukitoka ardhini. Kumbe watu waliishi kwenye mashimo, maana miti ya kujengea ilikuwa adimu. Alilia. Wengine waligeuza wakarudi. Waliobaki wanakumbukwa kwamba walilishwa na wawindaji wa Osage, watu ambao wenyewe walikuwa wamefukuzwa Kansas miaka michache tu kabla.

Na mji ukasimama. Kufikia 1887 ulikuwa na maduka, makanisa, shule, hoteli na magazeti mawili. Edward McCabe, aliyeanza kama karani wa kaunti hii, alichaguliwa 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima.

Kilichobaki kilikuwa reli. Bila reli, mkulima angeuza ngano wapi? Wakazi walipiga kura 1887 wakakubali kukopa dola 16,000 ili kuivutia kampuni moja. Haikuja. 1888, kampuni nyingine, Union Pacific, ilipitisha reli yake kusini mwa mto Solomon, ng'ambo, maili chache tu kutoka Nicodemus. Wafanyabiashara wakahamia huko, na pakazuka mji wa Bogue.

Hakuna aliyechoma Nicodemus. Mstari tu ulichorwa upande wa pili wa mto, basi. Ndiyo maana naona kumpa mtu ardhi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni njia ya kufikia soko, na anayechora hiyo njia ndiye mwenye rungu.

Leo makao makuu ya kaunti ni Hill City, jina la yule dalali. Nicodemus imebaki na watu wachache sana, ingawa tangu 1996 serikali inaitunza kama eneo la kihistoria. Lakini kila mwisho wa Julai, vizazi vya wale wa mashimoni hurudi kutoka kila pembe ya Marekani kusherehekea uhuru. Reli haikuja. Wao huja.